UKURASA WA FUNDI: Mashine ya mashua inayochoka ikibeba mzigo



Kiwangwa ni nchi ya mananasi, si ya nyavu. Hata hivyo njia ya Bagamoyo iko wazi, na huenda nyumba yako ina mtu wake pwani: kijana aliyekwenda kuvua, mkwe mwenye mashua, au ndugu aliyeomba achangiwe fedha za kununulia injini. Basi siku moja habari inakufikia: "Mashine haina nguvu. Fundi amesema pampu imekufa. Tumeni fedha."

Kabla hujatoa fedha ya mavuno, soma maneno haya, kisha msomee na yeye aliye pwani. Pampu ni kitu cha thamani kubwa. Mara nyingi husingiziwa kosa la chujio chafu au la kifuniko cha tangi.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu hujulikana hivi. Mashua imefungwa ufukweni. Mashine inawashwa, inalia vizuri, ukiongeza mafuta inapanda bila kigugumizi. Mnang'oa nanga, mnatia gia, mnakwenda. Lakini mkishatoka katika maji matulivu, mawimbi yakaanza kupiga omo, mashine inapumua kwa shida. Sauti inashuka, mwendo unapungua, mara nyingine inazima kabisa. Ukiipumzisha kidogo inafufuka. Ukiisukuma tena, inachoka tena.

Wewe wa Kiwangwa waujua ugonjwa huu hata kama hujapanda mashua. Mashine ya kusaga ikiwa tupu huimba. Mama akimimina debe la mahindi, inanguruma, inashuka, inataka kuzima. Ikiwa ni ya dizeli, sababu zake ni zilezile.

Kwa nini ufukweni haionekani kitu? Kwa sababu mashine isiyo na mzigo hunywa mafuta kidogo sana. Ikibebeshwa hutaka mara kadhaa ya hayo, na hewa nyingi pamoja nayo. Kuunguza lita 1 tu ya dizeli kwahitaji kama lita 10,000 za hewa. Mtu aliyeketi kivulini aweza kupumua hata akijifunika kitambaa puani. Mpe jembe alime jua kali na kitambaa chake, ndipo utajua. Vivyo hivyo njia ya mafuta iliyozibwa nusu hunyamaza bandarini, na husema baharini.

KWANZA, HUKUMU MZIGO

Usiihukumu mashine kabla ya kuuhukumu mzigo wake. Sikiliza sauti. Ikiwa sauti inapanda juu sana lakini mashua haiendi, mashine ina nguvu, ila nguvu hiyo haifiki majini. Hapo tazama gia, na rafadha, ambayo wengi huiita propela. Baadhi ya rafadha zina mpira katikati, na mpira huo ukichoka, mhimili huzunguka na rafadha hubaki nyuma.

Ikiwa sauti inashuka, mashine inaelemewa au ina njaa. Tazama kama wavu au mfuko wa plastiki umejisokota katika rafadha. Tazama kama bawa limepinda, au kama mtu alibadili rafadha akatia kubwa kuliko ile ya kwanza. Pandisha mashua ufukweni, utazame tumbo lake: chaza na mwani wakiota huko, ni kama kuburuta gogo. Tazama na maji yaliyo ndani ya mashua, kwa maana maji nayo ni shehena.

Kabla ya kugusa rafadha, zima mashine na uondoe ufunguo. Vidole havioti tena.

PILI, USOME MOSHI

Moshi ni ulimi wa mashine ya dizeli. Mashine ikiwa imepata moto na inavuta mzigo, mtu mmoja atazame nyuma.

Moshi mweusi maana yake mafuta yapo lakini hewa haitoshi, au mzigo umezidi. Moshi mweupe usiokwisha mashine ikisha pata moto maana yake mafuta hayaungui vizuri: pengine nozeli ni mbovu, au majira ya kumwaga mafuta yamepotea, au maji yameingia ndani. Moshi wa samawati maana yake mashine inaunguza oili. Na ikiwa nguvu inapotea bila moshi mweusi wowote, shuku njaa ya mafuta. Hii ndiyo hali inayosababisha pampu isingiziwe.

TATU, IFUATE NJIA YA MAFUTA

Anza katika tangi, wala usianze katika pampu. Kila tangi lina tundu la kuingizia hewa. Tundu likiziba kwa chumvi au uchafu, mafuta yakitoka hewa haiingii, na mwishowe mafuta hayatoki tena. Mashine ikianza kuchoka, legeza kifuniko cha tangi. Ikipata nguvu, umeuona ugonjwa, na dawa yake ni sindano ya kuzibulia tundu.

Kisha chujio. Toa mafuta kidogo chini ya chujio, uyatie katika chupa nyeupe, uyaache yatulie. Maji ni mazito kuliko dizeli na petroli, yatakaa chini nawe utauona mstari. Ukiona maji au matope, safisha tangi pia. Kubadili chujio na kuliacha tangi chafu ni kufua shati na kulivaa juu ya mwili wenye tope.

Kisha mpira wa mafuta. Mpira wa zamani huweza kuwa mzima nje na umevimba ndani. Mwingine hujikunja mashine ikivuta kwa nguvu. Mwingine una ufa mdogo: hauvujishi mafuta, bali unavuta hewa. Kaza vibano vyote.

Sasa nakupa jaribio lenye faida kuliko yote. Kwa mashine ya dizeli, chukua dumu safi lenye dizeli nzuri, tia mpira mpya mfupi na chujio jipya, uiunge mashine hapo, ukiruka tangi lake na mpira wake. Toa hewa, kisha ibebeshe mzigo. Ikivuta vizuri, pampu haina hatia. Kosa liko katika tangi, mpira au chujio. Ikichoka vilevile, hapo ndipo ufikirie mambo makubwa zaidi. Kwa petroli usitumie dumu wazi: badili tangi zima pamoja na mpira wake, na sigara zote zizimwe.

Kutoa hewa ni hivi. Legeza skrubu ndogo iliyo juu ya chujio, ubonyeze pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na mafuta matupu yatoke, kisha ukaze. Dizeli ikichanganyika na hewa, pampu hukandamiza hewa badala ya kusukuma mafuta.

Jihadhari pia na mahali unaponunua mafuta. Mafuta ya taa yaliyochanganywa katika dizeli hayalainishi pampu kama inavyotakiwa. Uovu huu wa kuchakachua ulienea hata mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, ili faida ya kuyachanganya ipotee. Nunua penye stakabadhi, na uyachuje unapoyamimina.

NNE, HEWA

Ikiwa moshi ni mweusi na rafadha ni safi, fungua chujio la hewa. Katika mashine ya kusaga utakuta limejaa unga. Katika mashua utakuta chumvi na mafuta, au utakuta mashine imefungiwa ndani ya kasha la mbao lisilo na tundu, mfano wa mtu aliyefungiwa sandukuni. Tazama na bomba la moshi, kwa kuwa moshi usipotoka hewa mpya haiingii.

TANO, MASHINE ZENYE UBONGO WA UMEME

Siku hizi ziko mashine za petroli za kupachika nyuma ya mashua ambazo hazina kabureta. Mafuta humwagwa na nozeli zinazofunguliwa kwa umeme, na ubongo mdogo ndio unaoamuru. Njaa ya mafuta huzipata vilevile, lakini zina mambo mawili yake.

La kwanza, umeme. Pampu ya mafuta na nozeli hula umeme wa betri. Betri ikidhoofika, au waya ukiliwa na chumvi, mafuta hupungua wakati wa kazi nzito. Safisha vichwa vya betri na ukaze waya kabla ya kununua chochote.

La pili, mashine hizi hujizuia zenyewe. Zikipata joto kupita kiasi, au oili ikipungua, ubongo hupunguza nguvu makusudi ili mashine isife. Tazama kijito cha maji ya kupozea kinachochuruzika nyuma: kikikatika, zima, kwa kuwa njia ya maji imeziba au pampu ya maji imechoka. Taa au kengele ya hatari ikilia, usikubali mtu akate waya wake. Ni sawa na kumziba mtoto mdomo asiseme anaumwa.

MWISHO, PAMPU NA NOZELI

Rudolf Diesel alifaulu kuionyesha mashine yake mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani, lakini ilikuwa mtambo mkubwa na mzito. Mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch kilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusindika mafuta katika nozeli, nayo ikaisaidia dizeli kuingia katika vyombo vidogo. Ndani ya pampu ya namna hiyo vyuma hupishana kwa nafasi ya sehemu chache za elfu za milimeta, nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Ndiyo sababu maji na mchanga huiua. Na ndiyo sababu haifai kufunguliwa chini ya mwembe. Kazi yake ni ya fundi mwenye mashine ya kuipimia.

Nozeli za dizeli za kawaida hufunguka kwa msukumo wa mara 70 hadi 100 wa upepo ulio katika tairi la gari. Usiweke kamwe mkono mbele ya nozeli inayomwaga. Mafuta hutoboa ngozi kama sindano, na jeraha dogo kama la mwiba laweza kupoteza mkono. Likitokea, nenda hospitali saa ileile, hata kama halikuumi. Na katika dizeli mpya zinazoongozwa kwa umeme, msukumo ni mkubwa zaidi: usilegeze bomba lolote la nozeli mashine ikiwa inazunguka.

Fundi akisema pampu ni mbovu, muulize kwa adabu: "Je, umeijaribu kwa dumu? Chujio lilikuwaje? Moshi ulikuwa wa rangi gani?" Fundi mwema atafurahi kuulizwa. Asiyependa kuulizwa, mfikirie mara mbili kabla ya kumpa fedha.

BAHARINI HAPANA KIVULI

Msomaji, haya si mambo ya fedha tu. Mashine ya kusaga ikizima, mama atarudi na mahindi yake nyumbani. Kutoka Bagamoyo hadi mji wa Unguja ni karibu kilometa 45 za maji, na mashine ikizima katikati, upepo na mkondo huchukua usukani. Mashine iliyoonyesha kuchoka jana isipelekwe mbali leo kwa kutumaini kwamba imepona. Ijaribiwe karibu na pwani, ikiwa na mzigo, kwa muda wa nusu saa walau. Chomboni pawe na nanga yenye kamba ndefu, kasia au tanga, chujio la akiba, spana zake, simu iliyofungwa isiingie maji, na jaketi okozi kwa kila mtu. Mashine ikianza kuchoka njiani, punguza mwendo, elekeza omo pwani, mwambie mwenzako aliye karibu. Usingoje izime ndipo uombe msaada.

Wazee walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mimi naongeza kwamba kilichoundwa hutaka kutunzwa. Mashua yenu iwe na daftari. Andikeni siku chujio lilipobadilishwa, mafuta yaliponunuliwa, na namna mashine ilivyokuwa inalia. Siku ya ugonjwa, daftari hilo litamwambia fundi mengi kuliko maneno ya watu kumi.

Basi, ukipokea ile habari ya pampu, usikasirike wala usiuze shamba. Uliza kwanza habari za kifuniko cha tangi.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuhifadhi dizeli nyumbani isiingie maji wakati wa masika. Kwaherini.