Wenzetu wanacheza ngoma yao, yetu tumemwachia nani?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei tulikusanyana wachache tunaokaa Small Heath, hapa Birmingham, tukapanda gari kwenda Oxford. Mji ule wa kale una ada yake: saa kumi na mbili asubuhi kwaya ya Chuo cha Magdalen huimba juu ya mnara, na maelfu ya watu husikiliza chini. Kisha wacheza ngoma ya Morris huingia mitaani, njuga miguuni, leso mikononi, kodiani ikilia.

Mwenzetu mmoja, Mpemba, alishangaa: "Mbona hawa wanacheza msewe!"

Wengi wetu hudhani Waingereza hawana ngoma. Wanazo, ila zilikaribia kufa. Tarehe 26 Disemba 1899, Headington, pembezoni mwa Oxford, mwalimu wa muziki Cecil Sharp aliwaona wanaume wakicheza kutafuta riziki kwa kuwa kazi zilisimama kwa baridi. Siku ya pili alimwita mpigaji wao, William Kimber, mjenzi wa matofali, akaziandika nyimbo zake. Mwaka 1911 Sharp akaanzisha chama cha ngoma za asili. Kilichowafaa si fedha wala serikali. Alipatikana mtu wa kuuliza kabla wanaojua hawajaondoka.

Na sisi? Siti binti Saad tunamsikia hadi leo kwa sababu mwaka 1928 alipelekwa Bombay akarikodiwa. Lakini wangapi waliimba wakazikwa na nyimbo zao?

Tuliokimbia nyumbani tulikuja na begi moja. Nyumba na kazi tuliviacha, lugha na ngoma tukavibeba kichwani. Sasa tazama harusi zetu za Small Heath: spika imekodiwa, muziki wa kompyuta unapiga, na bibi anayeijua lelemama kapewa kiti pembeni, sahani ya biriani mapajani. Hakuna anayemuuliza kitu. Wajukuu zake hata jina la ngoma hiyo hawalijui.

Wapo wanaosema katika ngoma yamo yasiyofaa. Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini wako wacheza Morris waliokuwa wakijipaka weusi uso mzima, jambo lililotuudhi sisi Waafrika. Mwaka 2020 jumuiya zao kuu zilikubaliana kuliacha, na ngoma ingalipo. Lisilofaa huondolewa, si lazima lote litupwe.

Sharp alikuwa na karatasi na kalamu. Sisi kila mmoja ana simu yenye kamera mfukoni. Basi wiki hii, mwenye bibi au mama mzee amkalishe, amuulize nani alipiga, nani aliitikia, mguu gani ulitangulia, arikodi. Wazee wetu hapa tunawazika kila mwaka. Tutakuja kumuuliza nani?