Kabla Hujanilipa Nikupige Vidio, Hesabu Wateja Ulio Nao

Watu wangu, leo naandika kitu ambacho kinaweza kuninyima kazi. Mimi naishi kwa kupigia watu vidio za biashara zao. Salon, hoteli, duka la nguo, mtu wa vyombo vya plastiki, wote nimewapostia. Sasa nataka kuwaambia wenye biashara ndogo hapa Kabati (naongea juu ya Kabati ya Kitui, si ile ya Murang'a) kwamba wengi wenu hamhitaji vidio yangu. Si sasa. Kuna kitu kingine mnapoteza kila siku na hamkihesabu.

Acha nianze na kosa langu mwenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye hoteli ndogo karibu na steji. Jina silitaji. Sisi sote tulimwita Mwaitu tu, vile unamwita mama yeyote wa rika hilo huku kwetu. Ndengu yake ilikuwa tamu hadi watu wa nduthi walikuwa wanaacha foleni ya abiria kwenda kula. Alikuwa na watu kama 15 wa kila siku: wanaboda, mafundi wa gereji, makanga wawili watatu. Siku moja akaniita: "Kijana wangu, naona unafanya za wengine zinaenda mbali. Na mimi nifanyie, nijulikane." Akanilipa 3,000. Nikampa akili ambayo wakati ule niliona ni kali sana: tuweke ofa ya wiki moja, chapati mbili na ndengu kwa shilingi 50. Bei yake ya kawaida ilikuwa 90.

Vidio ilienda. Manze, ilienda! Watu walitoka hadi Kitui mjini na Migwani. Kwa siku sita hoteli ilijaa mpaka nje. Mimi nilikuwa napita hapo nikijipiga kifua, hiyo ni kazi yangu.

Kitu sikuona ni hiki. Wale watu 15 walifika saa saba kama kawaida, wakapata benchi zimejaa wageni na sufuria ya ndengu iko chini. Siku ya kwanza wakacheka. Siku ya pili wakangoja nusu saa. Mtu wa nduthi akingoja nusu saa amepoteza abiria wawili. Siku ya tatu wakavuka barabara, wakala kwa jirani. Jirani naye hakuwa mjinga, akawakaribisha kama wafalme.

Ofa ikaisha. Bei ikarudi 90. Wale wageni wa Kitui mjini, mtu atoke huko hadi Kabati kila siku kwa sababu ya chapati? Hawakurudi. Na wale wa kwake, karibu nusu, walikuwa wamezoea kwingine. Miezi minne baadaye Mwaitu akafunga.

Sisemi ni vidio peke yake ilimfunga. Kodi ilikuwa inamsumbua hata mbeleni. Lakini nilikutana na mmoja wa wale wanaboda nikamuuliza mbona waliacha kwenda. Akaniambia, "Ile wiki sisi ndio tulionekana wageni." Hiyo sentensi haijanitoka kichwani mpaka leo.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu maneno bila hesabu ni porojo. Chukua mtu mmoja anayekula chapati mbili, ndengu na chai. Ni shilingi 110 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 2,860 kwa mwezi. Ukipoteza watu wanane wa namna hiyo, umepoteza 22,880 kila mwezi. Kwa mwaka ni 274,560. Kwa hoteli ya mabati, hiyo ndiyo kodi, ndiyo fees ya mtoto, ndiyo kila kitu. Upande ule mwingine, wiki ya ofa ilileta watu kama 60 kwa siku kwa shilingi 50, ikawa 18,000 kwa siku sita. Inaonekana pesa nzuri. Sasa toa unga, mafuta, ndengu, makaa na msichana wa kusaidia. Toa na 3,000 zangu. Mwaitu alifanya kazi ya punda wiki nzima akabaki na miguu imevimba.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kwa biashara ndogo, mteja anayerudi ndiye biashara yenyewe. Mteja mpya ni bahati. Kazi yako ya kwanza ni kumlinda yule wa kurudi, na ofa yoyote inayomfanya yeye aumie ili mgeni afurahi ni hasara hata kama vidio imepata laiki elfu kumi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuniuliza: "Sasa bila matangazo tutajulikana vipi?" Swali zuri. Ndiyo, watu huhama, vijana huenda Nairobi, na wewe lazima upate wengine wa kujaza hizo nafasi. Hoteli mpya ambayo haijulikani inahitaji kupiga kelele kidogo. Mimi sipingi kelele. Napinga kuita watu nyumbani wakati chakula hakitoshi wenye nyumba. Kama ungetaka ofa, ungeanza na wale 15: wiki hii chai ni bure kwa kila mtu wa kila siku, na akileta rafiki, rafiki naye anapata. Hiyo ingekuja taratibu, sufuria ingetosha, na anayeletwa na rafiki yake tayari yuko hapa Kabati. Atarudi kesho.

Na msifikirie haya ni ya watu wadogo tu. Mnakumbuka Nakumatt? Ilianza kama duka la magodoro Nakuru, ndipo jina likatoka, ikakua ikawa supamaketi kubwa kuliko zote Kenya. Ilikuwa na ile Smart Card, unanunua unapata pointi. Watu walizibeba hizo kadi kama kitambulisho. Lakini kufika 2017, madeni ya wasambazaji yalikuwa yamewashinda na rafu zikabaki tupu. Unaenda na kadi yako ya pointi, hakuna maziwa, hakuna sukari. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 waliokuwa wanaidai wakapiga kura ivunjwe. Somo kwangu ni rahisi: pointi hazijazi rafu. Mteja anakuja kwa sababu anajua kile kitu anataka kipo. Mara ya kwanza akikosa atakuvumilia. Mara ya tatu amepata duka lingine.

Hapa kwetu hii ni muhimu zaidi siku hizi kwa sababu ya barabara. Kabati iko pale njia ya Kitui na Machakos inapokutana na ile ya Migwani na Mwingi. Tangu lami iende hadi Migwani, tunasema biashara itakuja. Ni kweli, magari yanapita. Lakini lami inaenda pande zote mbili. Zamani mtu wa vijijini alikuwa ananunua kwako kwa sababu kwenda Kitui mjini ilikuwa safari. Sasa anapanda matatu, anafika, anapata duka kubwa lenye bei ya chini. Hutaweza kushindana naye kwa bei. Unaweza kushindana kwa kumjua mtu.

Kumjua mtu ni nini? Si kompyuta. Ni daftari la shilingi 20. Andika majina ya watu wako wa kila siku, na kando yake kitu anachonunua. Kila Jumapili jioni lipitie. Nani hajaonekana wiki hii? Mpigie, au mtumie mtu: "Tumekukosa, uko salama?" Usimuuzie kitu. Muulize tu. Pengine mama yake ni mgonjwa. Pengine ulimjibu vibaya Jumanne na hukujua. Utashangaa wangapi wanarudi kwa sababu tu mtu aliona hawapo.

Ya pili ni kipimo. Kuna watu hapa sokoni wana gorogoro ambayo kitako chake kimebonyezwa ndani. Unafikiri mama anayenunua maharagwe hajui? Anajua! Hatakwambia kitu. Atachukua, ataenda kupima kwake, na kesho atapita mbele ya meza yako akikusalimia vizuri sana akienda kwa mwingine. Umepata maharagwe ya shilingi tano, umempoteza mtu wa miaka kumi. Na yule anayejaza mpaka inamwagika, kisha anaongeza kiganja kimoja juu, hajawahi kunilipa hata shilingi ya vidio na meza yake haikosi watu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ndiye wa kukitembeza, kwa hivyo najua nasema nini.

Ya tatu ni deni, na hapa ndipo wengi mnakosea. Mnafikiri deni linawapotezea pesa tu. Linawapotezea mteja pia. Mtu akiwa na deni lako la 300 na hana, hapiti tena mbele ya duka lako. Anaona aibu. Na siku akipata 500, ataenda kununua unga kwa kesi, lakini kwa duka lingine! Umempa unga wa bure, na pesa yake taslimu umempa jirani. Kukopa harusi, kulipa matanga. Sasa wewe usingoje matanga.

Usikatae kukopesha kabisa, kwa sababu huku kwetu pesa ina msimu. Mkulima wa ndengu anapata kitu akivuna baada ya mvua ya Novemba, si kila wiki. Mtu wa nduthi anapata kila siku. Kwa hivyo mpe kila mtu kiwango chake na tarehe inayolingana na pesa yake, mkubaliane mbele ya daftari. Akichelewa, muite wewe kwanza, kwa heshima, pembeni, si mbele ya watu: "Leta hamsini leo, tuendelee." Hamsini inamrudisha dukani kuliko kumtisha na mia tatu.

Ya nne inanihusu mimi na kamera yangu. Usimpige mteja picha ukaweka kwa stetasi au TikTok bila kumuuliza. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Septemba 2023, kilabu ya Nairobi inayoitwa Casa Vera ilitozwa faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Milioni moja na zaidi! Hoteli ya mabati itatoa wapi? Na hata bila faini, kuna mtu ameambia nyumbani yuko Mwingi kwa kazi, wewe unamtoa kwa vidio akimeza chapati Kabati. Huyo harudi.

Sasa nimejiwekea sheria. Mtu akinipigia nimfanyie vidio, namuuliza maswali matatu. Wateja wako wa kila siku ni wangapi, na unajua majina yao? Watu 50 wakija kesho saa saba, chakula kitatosha na wale wako watapata pa kukaa? Ofa ikiisha, kwa nini mgeni arudi kwa bei ya kawaida? Kama hana jibu, namwambia tungoje. Mwezi huu nimeshakataa kazi mbili. Mmoja alinikasirikia, akaenda kwa mwingine. Sawa tu.

Zile 3,000 za Mwaitu nilinunua taa ya kupigia vidio. Bado naitumia. Kila nikiiwasha namkumbuka, na mara ya mwisho nilisikia anauza chapati kwa ndoo, akizipeleka mwenyewe hadi kwa gereji. Wateja wake ni wale wale wa zamani, wale walimfuata. Nikipata ujasiri nitaenda nimwombe msamaha, na nitalipa chapati bei kamili.

Kama uko na duka na unaona nimekosea, niambie na hesabu yako mkononi. Lakini kwanza hesabu watu wako.