Barua Moja Haifungui Vyuo Vyote

Kuna barua moja inayozunguka katika simu za wanafunzi wa Bujumbura. Ukienda kwenye vibanda vya kuchapa na kunakili karatasi karibu na bandari, utauziwa: jina hubadilishwa, chuo hubadilishwa, mengine hubaki yaleyale. Inaanza kwa kusema kwamba mwombaji alizaliwa katika nchi ndogo iliyoharibiwa na vita, na inamalizia kwa ahadi ya kurudi kuijenga. Barua hiyohiyo hupelekwa Marekani, Uingereza na Ufaransa, kwa anayeomba uhandisi na kwa anayeomba uuguzi. Mimi naipinga barua hiyo, na nawapinga walimu wanaoiona wakanyamaza.

Kwanza, vyuo haviulizi jambo moja. Marekani, fomu ya pamoja iitwayo Common App hutaka insha ya maneno 250 hadi 650. Mada zake ni kadhaa, lakini zote zinatafuta kitu kimoja: wewe ni mtu wa namna gani? Juu ya insha hiyo vyuo vingi huongeza maswali yao mafupi, na lililo maarufu ni hili: kwa nini chuo chetu na si kingine? University of California ina utaratibu wake: maswali 8, mwombaji huchagua 4, na kila jibu lisizidi maneno 350.

Uingereza maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS. Huko kinachopimwa zaidi ni maandalizi yako kwa somo unaloliomba, si simulizi ya utoto wako. Kwa wanaoingia chuo kuanzia mwaka 2026, ile taarifa ndefu imegawanywa katika maswali 3: kwa nini somo hili, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini. Majibu yote kwa jumla hayazidi herufi 4,000. Ufaransa, mtandao wa Parcoursup, uliozinduliwa mwaka 2018, huruhusu herufi 1,500 tu za kueleza kwa nini umechagua masomo hayo.

Kila mlango kwa ufunguo wake. Bandarini jambo hili halihitaji mhadhara. Nimefanya kibarua huko wakati wa likizo, nikihesabu mifuko ya saruji inayoletwa kutoka Mpulungu, Zambia. Manifesti hueleza shehena yote iliyomo melini. Hati ya shehena hueleza mzigo ni wa nani. Karatasi ya forodha hueleza thamani yake, ili ushuru ujulikane. Zote zinataja mifuko ileile, lakini hakuna karani atakayepokea moja badala ya nyingine. Mchukuzi asiyejua kusoma analijua hilo. Sisi wa chuo kikuu tunatuma manifesti kila mahali, kisha tunashangaa mzigo umekwama.

Pili, naipinga barua hiyo kwa sababu imegeuza misiba yetu kuwa nauli. Simkatazi mtu aliyepitia vita kusimulia aliyoyapitia. Ni haki yake. Nakataa kijana aliyekulia kwa amani Buyenzi aazime machozi ya mwenzake kwa kuambiwa kwamba wazungu wanapenda huzuni. Mahakama Kuu ya Marekani, katika uamuzi wa tarehe 29 Juni 2023, ilizuia vyuo kupokea wanafunzi kwa kuangalia rangi yao. Hata hivyo Jaji Mkuu Roberts alieleza kwamba mwombaji anaweza kuandika jinsi rangi ilivyoathiri maisha yake, mradi aonyeshe ujasiri au uwezo uliotokana na hayo. Basi mateso matupu hayatoshi. Linaloulizwa ni ulifanya nini.

Wapo watakaosema kwamba insha hizi ni mchezo wa matajiri, kwa kuwa wao huwalipa washauri wa kuwasaidia. Ni kweli, wapo wanaolipa. Lakini hiyo ni hoja ya kufundisha bure, si hoja ya kununua barua kibandani.

Na hatukufundishwa kwa sababu mifumo yetu haikuhitaji. Burundi tunategemea mtihani wa taifa. Kenya, KUCCPS huwapanga wanafunzi kwa alama za KCSE. Tanzania vyuo hutazama ufaulu wa kidato cha sita. Mwanafunzi anaweza kufika umri wa miaka 20 bila shule yoyote kumuuliza anafikiri nini juu ya maisha yake mwenyewe. Swali hilo likija kwa Kiingereza, anababaika, na muuza barua anapata riziki.

Wahadhiri wetu, ninawaomba jambo dogo. Katika somo la utungaji, pamoja na barua rasmi na kumbukumbu za mkutano, wekeni insha ya maombi: moja ya kujieleza, moja ya kutetea somo, moja ya kueleza mpango wa kazi. Tuziandike kwanza kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wetu humu darasani tunaifikiria bila kamusi, ndipo tuzihamishie kwenye lugha ya chuo kinachoombwa. Nanyi wenzangu, ifuteni ile barua kwenye simu zenu. Aliyehesabu mifuko ya saruji jua kali, akagundua hesabu ya karani ina upungufu na akathubutu kusema, ana insha tayari. Hana haja ya kuazima vita.