Tuliandika programu ya resu, tukalipa bila resu

Ndugu vijana wa Likasi, wa Kikula, wa Panda na wa Shituru, nanyi mlio Kambove, Lubumbashi na Kolwezi,

Msimu wa depo umefika tena. Kila pahali pa kuchapa karatasi kuna foleni: watu wanashika flashi mkononi, wanangoja umeme urudi, wanasahihisha namba za kurasa kwa mara ya kumi. Wengi wao ni wanafunzi wa informatiki wanaomaliza. Tunawatakia nguvu. Lakini leo hatuandiki kwa kupongeza tu. Tunaandika juu kuna jambo ambalo kila promosio inanong'ona siku ya defansi, kisha inalisahau siku ya kuvaa toga.

Jambo lenyewe ni hili. Vichwa vya TFC na vya memwari ya informatiki karibu vyote vinafanana: kutunga na kuunda programu ya kusimamia kitu fulani, na chini yake, "Kesi ya" biro fulani. Kusimamia wagonjwa. Kusimamia dawa za famasi. Kusimamia vyeti vya kuzaliwa vya eta sivili. Kusimamia taksi za soko. Mwenzetu mmoja alichagua malipo ya wanafunzi. Akafanya staji, akakaa wiki nyingi kati ya madaftari, akaona namna makuta yanavyoandikwa kwa kalamu na namna mstari unavyoweza kurukwa. Akachora meza zake kwa Merise, akaandika programu: kila malipo na namba yake, kila namba na resu yake, jioni jumla ya siku inatoka yenyewe. Juri ikasifu kazi. Lakini kabla ya kusimama mbele ya ile juri, alikuwa amelipa mara tatu mkononi mwa watu, na hakupewa resu hata moja.

Tuliandika programu ya resu, tukalipa bila resu. Hapo njo ugonjwa wote uko.

Tufuate njia ya mwanafunzi hatua kwa hatua. Kwanza umeme. Mto Lufira unazungusha mashini za Mwadingusha tangu 1930. Lile bwawa lilijengwa juu ya viwanda vya Union Minière, ambayo ilitaifishwa mwaka 1967 na leo tunaiita Gécamines. Kobalti inayotoka katika ardhi yetu ya Katanga iko ndani ya betri za kompyuta duniani kote. Na mwanafunzi wa Kikula anaandika kodi yake saa nane za usiku, juu mchana ni delestaji. Hilo tunalijua, tumelizoea vibaya, na tutalirudilia siku nyingine.

Kisha inakuja ile njia ya makuta. Kuna malipo yaliyoandikwa ubaoni, na hayo mtu anaweza kuyajadili. Lakini kuna mengine hayaandikwi popote. Ya "kusukuma" masahihisho ili karatasi zisilale mezani. Ya mtu wa kupanga tarehe. Ya chakula na kinywaji cha juri, ambayo pahali pengine imekuwa sawa vile sheria. Ukiuliza, unajibiwa: "Batu bote banalipaka, we njo nani?" Na dada zetu wengine hawaombwi makuta, wanaombwa mwili. Tusizungushe maneno: sheria ya tarehe 20 ya mwezi wa saba 2006 juu ya jeuri ya kijinsia inaita ile tabia kosa. Na sheria ya tarehe 29 ya mwezi wa tatu 2005 inaita kosa mtu wa serikali kuomba makuta ili afanye kazi ambayo tayari ni kazi yake. Hizi si desturi za chuo. Ni makosa yanayovaa kravati.

Hatusemi kila mwalimu yuko hivyo. Kuna maasistenti wanaosoma kazi ya mwanafunzi kwa mwanga wa simu, wanarudisha kurasa zimejaa wino mwekundu, na hawaombi hata chai. Tunajua pia kwamba mwalimu wa chuo cha serikali anagoma mara kwa mara juu ya mshahara wake, na ana haki. Lakini deni la serikali kwa mwalimu haliwezi kulipwa na mama anayeuza makala pale sokoni ili mtoto wake afanye defansi. Mwenye deni anajulikana. Tuende kumdai pamoja.

Sasa tuje kwenye swali kubwa: zile programu zote ziko wapi?

Kila mwaka vijana wanaingia kwenye biro za muji, wanaeleza shida za biro kwa michoro, wanaandika dawa yake, na programu inatembea kwenye skrini siku ya defansi. Kisha nakala inaingia kabatini, na CD imebandikwa ndani ya jalada la nyuma. Mwaka unaofuata, kijana mwingine anaenda biro ileile, anakuta daftari lileile, anaandika kazi ileile toka mwanzo, juu hakuna aliyemwambia kwamba yaya wake alishaifanya. Na biro inaendelea na kalamu.

Kwa nini? Watu watakwambia kompyuta hazitoshi. Ni kweli pahali pengine. Watakwambia programu ya mwanafunzi iko na makosa. Ni kweli pia, na makosa yanasahihishwa na anayeitumia. Lakini kuna sababu ya tatu, hiyo haisemwi kwa sauti. Programu ya kusimamia malipo inahesabu. Inasema saa ngapi franga ziliingia, nani alizipokea, na jioni inauliza ziko wapi. Kuna watu ambao hawaikatai juu ni mbaya. Wanaikataa juu inafanya kazi. Ndiyo maana unaambiwa "acha kwanza, tutaona", na hautaitwa tena.

Kwa hiyo hizi ni shida mbili zenye mzizi mmoja. Ile mikono inayopokea bila resu chuoni ni ndugu wa ile mikono isiyotaka programu ya resu pale biro. TFC iliyofungwa kabatini haisumbui mtu yeyote. TFC iliyo wazi, yenye kodi inayotembea, ni kitu kingine.

Mahali pengine kazi za vijana zilipoachwa wazi zilienda mbali. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki alipoanza Linux mwaka 1991. Aliacha kodi wazi, watu wengi wakaisahihisha, na mwaka 1997 akaandika memwari yake juu ya kazi hiyohiyo. Simu ya Android unayoshika sasa inasimama juu ya ile kodi. Na karibu na sisi, kule Nairobi, baada ya fujo za uchaguzi wa mwisho wa 2007, vijana waliunda kwa haraka programu ya kukusanya na kuweka kwenye ramani habari za raia juu ya jeuri. Waliiita kwa neno letu: Ushahidi. Nayo waliiacha wazi, na mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Hawakuwa watu wa ajabu kuliko mtoto wa Panda. Kazi yao tu haikufungiwa.

Tena kuna jambo la mkate. Wengi wetu tunaoandika hapa tuko na diploma na hatuko na kazi. Ukienda kuomba kazi, unaulizwa: "Umeshafanya nini?" Jibu la kweli ni kwamba tulijenga mfumo mzima, peke yetu, usiku. Lakini ushahidi wake uko nyuma ya jalada, ndani ya kabati yenye kufuli. Katiba ya tarehe 18 ya mwezi wa pili 2006, artikili ya 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Artikili ya 42 inaamuru serikali kulinda vijana katika afya, masomo na maendeleo yao. Kufungia kazi ya kwanza ya kijana si kumlinda.

Tunajua mtakachosema. "Mukiweka wazi, batu batakopia." Ndugu, wanakopia tayari, lakini gizani. Kuna wanaonunua TFC nzima, wanabadilisha jina la biro na jina la mwandishi, basi. Na tangu mwisho wa 2022, mashini kama ChatGPT zinaweza kukuandikia sura ya kwanza mbele ya chai kupoa. Kazi ikiwa wazi, mwizi anaonekana, juu kila mtu anaweza kulinganisha. Na artikili ya 46 ya Katiba inahakikisha haki ya mtunzi. Kuweka wazi si kupoteza jina lako. Ni kuliandika pahali ambapo watu wanaona.

"Hatuna makuta ya seva." Tuhesabu. TFC moja kwa PDF, tuseme mega 5. Kazi 100 ni mega 500. Flashi moja ya giga 32 inabeba kazi za promosio zaidi ya 60. Hata bila intaneti, chuo kinaweza kuanza na kompyuta moja katika biblioteki na orodha ya vichwa iliyobandikwa ukutani. Makerere na chuo kikuu cha Nairobi tayari wanaweka kazi za wanafunzi kwenye intaneti. Kinachokosekana kwetu si mashini.

Wakati wenyewe unatusaidia. Toka mwaka wa masomo 2021–2022 vyuo vya nchi vimeingia katika LMD. Mambo yanaandikwa upya. Tukinyamaza sasa, desturi za zamani zitahamia katika nyumba mpya na viti vyao.

Ndiyo maana sisi vijana wananchi tunadai mambo matano, kwa kila chuo cha muji, cha serikali na cha watu binafsi:

1. Malipo yote ya TFC, ya memwari na ya defansi yabandikwe ubaoni kabla ya msimu wa depo, na yalipwe banki tu, kwa bordero. Kisichobandikwa hakilipwi.

2. Chakula na kinywaji cha juri kisiwe mzigo wa mwanafunzi. Juri inakula kwake.

3. Defansi ya informatiki iwe ya wazi, na programu itembee mbele ya watu. Kama umeme umekatika, chuo kiwashe jenereta au kiweke saa nyingine. Mwanafunzi asipoteze alama juu ya delestaji. Juri iulize kodi kabla ya kuuliza upana wa marjini.

4. Depo iwe ya vitu vitatu: maandiko, kodi, na karatasi moja ya kueleza namna ya kutumia. Vyote viwekwe pahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, na jina la mwandishi juu yake, isipokuwa habari za siri za wagonjwa au za raia.

5. Biro ya serikali inayopokea mwanafunzi wa staji ipokee pia kazi yake, na ijibu kwa barua katika miezi mitatu: tunaitumia, au hatuitumii juu ya sababu hii.

Na wewe mwanafunzi, tuko na neno lako pia. Usinunue TFC. Usimwandikie mwingine. Hatuwezi kudai resu kwa mkono mmoja na kuuza memwari kwa mkono mwingine.

Tunajua woga uko wapi. Mwanafunzi mmoja akikataa peke yake, tarehe yake inapotea, na mwaka wake nao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi msiende mmoja mmoja. CP aandike barua moja kwa jina la promosio nzima, wote watie saini, wabaki na nakala yenye alama ya kupokelewa. Promosio nzima inauliza swali moja: resu iko wapi? Wanaweza kumuadhibu mtu mmoja. Hawawezi kuchelewesha wote bila kujieleza.

Sisi, katika msimu huu wote, tutafanya kazi mbili. Tutakusanya vichwa vya kazi za informatiki zilizofanywa juu ya biro za Likasi, ili kila biro ijue ilishaandikiwa nini. Na tutapokea ushahidi wa malipo bila resu: tarehe, kiasi, sababu iliyotolewa. Jina la mwanafunzi litabaki kwetu. Ushahidi huo tutaupeleka kwa uongozi wa vyuo, kisha, wakinyamaza, kwa parke. Bila jiwe, bila matusi, bila kuchoma tairi. Kwa karatasi, sawa vile tulivyofundishwa.

Tulifundishwa kuchambua mfumo uliopo, kuonyesha kasoro yake, na kupendekeza mwingine. Tumeshachambua. Huu ndio mpya tunaoupendekeza, na tuko tayari kuutetea mbele ya juri yoyote.

Hakuna resu, hakuna malipo. Hakuna kabati tena.

Imeandikwa Likasi, na sisi vijana wananchi.