Historia ya Msimbo Isitupwe kwa Sababu Mtambo Unakwenda Polepole

Taasisi inapohamisha msimbo wa mfumo mkubwa kutoka chombo kimoja cha kudhibiti matoleo kwenda kingine, lalamiko la kwanza huwa moja: kazi inakwenda polepole mno. Siku ya tatu inapita, mtambo bado unasaga. Hapo hutolewa amri inayofanana na busara: chukueni toleo la mwisho, mengine acheni. Nashikilia kwamba amri hiyo ni kosa, na kosa lenyewe si la kiufundi tu, bali la kiutawala.

Tuanze na chanzo cha polepole hiyo. Chombo cha namna hii hakihifadhi msimbo peke yake; huhifadhi kila badiliko, aliyelifanya, siku alipolifanya na maelezo ya sababu yake. Kuhama kutoka Subversion kwenda Git ni kuyasoma mabadiliko hayo moja baada ya jingine tangu la kwanza, na kuyaandika upya kwa umbo jingine. Yakiwa laki mbili, na kila moja likafuatwa kwenye seva ya mbali, muda mwingi huliwa na safari za mtandao. Dawa inajulikana: nakili kwanza hazina nzima kwenye kompyuta iliyo karibu, fanya uhamisho hapo huku watumishi wakiendelea na mfumo wa zamani, kisha siku ya kuhama malizia machache yaliyoongezeka.

Waandaaji wa GCC walihamia Git Januari 2020 wakiwa na historia ya miongo mitatu hivi. Chombo chao cha kuhamishia, reposurgeon, kilielemewa na mzigo huo, kikaandikwa upya kutoka lugha ya Python kwenda Go. Kilichobadilishwa ni chombo, historia ilibaki.

Kwetu jambo hili si geni. DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nao ulitoka Bazaar ukaenda Git. Takwimu za vitabu vya MTUHA, kutoka zahanati za kata kama Getanuwas, huishia humo. Siku kanuni ya hesabu itakapobadilishwa na idadi ya watoto waliochanjwa ikashuka ghafla, tutajuaje nani aliibadilisha, na kwa nini, ikiwa historia ya msimbo imetupwa?

Hanang' inaijua gharama ya kukosa kumbukumbu. Mwaka 1985 kijiji cha Mulbadaw kilishindwa na NAFCO katika Mahakama ya Rufani, katika shauri la ardhi iliyogeuzwa mashamba ya ngano. Moja ya sababu ni kwamba wanakijiji hawakuweza kuithibitisha haki yao juu ya ardhi hiyo kwa namna mahakama ilivyotaka. Asiye na kumbukumbu hana cha kuweka mezani.

Kwa hiyo, watumishi wa umma wanaoandaa mikataba ya mifumo wadai kukabidhiwa historia kamili ya msimbo, na watenge muda wa kuihamisha. Wanafunzi wangu nao wajifunze kutafuta chanzo cha ucheleweshaji kabla ya kupunguza mzigo. Mfugaji wa Getanuwas anapohama na kundi lake, haulizwi amewahi kiasi gani. Huulizwa amefika na ng'ombe wangapi.