Mwezi, Darubini na Wajibu wa Raia



Neno "mwezi" lina maana mbili: ni taa ya usiku, na ni siku thelathini hivi tunazozihesabu katika kalenda. Kirundi nacho husema ukwezi kwa maana zote mbili. Hata wafalme wetu walilitwaa neno hili kuwa jina la utawala; mmoja wao ni Mwezi Gisabo, aliyefunga Mkataba wa Kiganda na Wajerumani mwaka 1903. Mwezi basi si mgeni kwetu. La kushangaza ni kwamba tunausoma ubaoni zaidi ya kuutazama angani.

Rai yangu ni hii: kila shule, hata hapa Gashoho, ingefaa kuwa na darubini moja ndogo, nayo itumike katika somo la uraia kama itumikavyo katika sayansi.

Mwaka 1609 Galileo alielekeza angani darubini iliyokuza vitu takriban mara 20. Wanazuoni walikuwa wamefundisha kwamba mwezi ni tufe laini. Yeye akaona milima na mabonde. Darubini ndogo ya leo yatosha kukuonyesha hayo. Usichague usiku wa mwezi mpevu, maana jua huupiga usoni na vivuli hutoweka. Utazame ukiwa nusu, ufuate mstari unaotenga nuru na giza. Siku moja au mbili baada ya nusu ya kwanza, shimo la Copernicus, lenye upana wa kilomita 93 hivi, hujitokeza mfano wa bakuli.

Vitabu vingi huchora hilali imesimama kama mundu. Sisi tuishio karibu na ikweta mara nyingi huiona imelala chali kama mtumbwi. Mwanafunzi anayechora alichokiona, badala ya kunakili picha ya kitabu, amekwisha kuanza kazi ya raia: kupima analoambiwa.

Muyinga, Waislamu na Wakristo huishi mlango kwa mlango. Ramadhani inapokaribia kwisha, wote huuliza kama mwezi umeandama, kwa kuwa Idi ni siku ya mapumziko nchini kote. Ada ya kuipokea habari hiyo ina hekima kubwa. Anayedai kuuona mwezi ni shahidi: huulizwa aliuona wapi, saa ngapi, na nani mwingine aliyeuona. Linganisha na uvumi unaorushwa kwa simu, usio na shahidi, saa wala mahali. Nchi yetu inajua kwa uchungu jinsi neno lisilo na mwenyewe linavyoweza kumgeuza jirani kuwa adui.

Hata hivyo, tusiitwishe darubini mzigo usio wake. Katika Afrika Mashariki mjadala hurudi mara kwa mara: je, tufuate mwezi ulioonekana nchini mwetu, au hata ule ulioandama ng'ambo? Hapo kioo hakina jibu, kwa sababu swali si la kuona, ni la kukubaliana. Raia aliyekomaa huyatenga mambo hayo mawili. La kuona hulithibitisha; la kukubaliana hulizungumza kwa heshima, wala hamwiti mwenzake kipofu kwa kuwa ameamua tofauti.

Utaniuliza: madawati hayatoshi, darubini ya nini? Hoja yako ni nzito. Basi tuanze na daftari. Uchore mwezi kila unapoonekana, jioni au alfajiri, mpaka zitimie siku 29 au 30, uandike na saa. Kisha shule kadhaa zichangie darubini moja, izunguke kwa zamu. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu hupungua na kazi huwa rahisi. Sharti ni moja: darubini isielekezwe juani kamwe, kwani jua hupofusha.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa hili natofautiana nao kwa adabu. Macho tumezaliwa nayo, bali kutazama hufundishwa, na shule ndiyo mahali pake.