Maarifa bila daftari

Kampuni kubwa inapotangaza kwamba imefungua milango kwa wabunifu wa nje, wenye hisa hufurahi. Wangefanya vyema kuuliza kwanza kama kampuni hiyo inajua inachokitafuta.

Procter & Gamble ya Marekani, watengenezaji wa sabuni ya Ariel na nepi za Pampers, ni mfano mzuri. Mwaka 2000 hisa zake ziliporomoka kwa zaidi ya nusu ya thamani katika kipindi kifupi. Mtendaji Mkuu mpya, A.G. Lafley, aliweka lengo kwamba nusu ya ubunifu wa kampuni utoke nje. Hesabu ilimuunga mkono: kampuni ilikuwa na watafiti wapatao 7,500, na ilikadiria kuwa wataalamu wa kiwango hicho waliokuwa nje yake walifikia milioni 1.5.

Hata hivyo, lengo peke yake halikuzaa bidhaa. Kampuni ilipotaka kuchapa picha na maneno juu ya krispi za Pringles, ambazo wakati huo zilikuwa mali yake, iliandika kwanza waraka ulioeleza tatizo hilo kitaalamu, kisha ikausambaza kwa washirika wake duniani. Jibu lilipatikana Bologna, Italia, katika kiwanda kidogo cha mikate cha profesa wa chuo kikuu, aliyekuwa amebuni njia ya kuchapa picha zinazolika juu ya keki na biskuti. Bidhaa iliingia sokoni mwaka 2004. Kufikia 2006, zaidi ya asilimia 35 ya bidhaa mpya za kampuni zilikuwa na mchango wa nje, kutoka asilimia 15 hivi mwaka 2000.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali. Kampuni ambayo idara zake hazielezani, na ambayo mtaalamu akistaafu huondoka na kila alichokijua, itanunua nje kwa bei ghali kitu kilicholala kwenye kabati lake yenyewe.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu wa mwaka, mwenye hisa asiridhike na idadi ya mikataba ya ushirikiano iliyotiwa saini. Aulize ni nani anayetunza orodha ya mahitaji ya kampuni, na ni mawazo mangapi ya nje yaliyofika madukani. Wakurugenzi wakikosa majibu, fedha za utafiti ziko hatarini.